Kiwashio cha Mjomba Nikolao

Nikolao Chipande alikuwa fundi redio pale sokoni Masasi, na ukimwuliza mwenyewe, alikuwa fundi wa kila kitu kinachopitiwa na umeme. Sisi wa Nandwele, huku juu Newala, tulimjua tangu alipokuwa akifungua tochi za watu ili aone mwanga unakaa wapi. Aliteremka Masasi angali kijana, akaoa huko, akafungua kibanda, na tangu hapo akawa anapanda Newala kwa misiba na harusi tu. Asubuhi anafika, jioni keshaondoka. Sababu yake ilikuwa maji. Alisema hawezi kulala mahali ambapo mtu anaoga kwa kikombe. Ni kweli maji hatuna, lakini tunaoga, na mpaka leo hatujamzika mtu kwa sababu ya jasho.

Mdogo wake, Severina, alibaki kijijini. Alikuwa mjane, ana mabinti walioolewa na mtoto mmoja wa kiume, Sijaona, ambaye mwaka ule aliingia jandoni. Ulikuwa wakati wa ruksa, biashara zimefunguliwa. Maduka ya Masasi yalijaa sabuni za rangi na redio za kaseti, na mitumba ilimwagwa mpaka barabarani. Lakini kabla ya hapo serikali ilikuwa imepita vijijini kukusanya magobole, zile bunduki za kushindilia, kwa sababu ya majangili, nasi tukabaki na gobole moja tu, la Mzee Fikirini, aliyekuwa na kibali cha kufukuza nguruwe mashambani.

Jambo la gobole si dogo kwetu. Vijana wanapotoka likumbi, yaani kambi ya jando, hupita mmoja mmoja mbele ya watu wameinamisha vichwa, na kila mmoja hupigiwa mlio mmoja na mjomba wake, kaka wa mama yake. Mlio ule unasema: huyu ana watu. Mtoto anayepita kimya hajakosa kitu, ila macho yote humgeukia mama yake, na macho hayo hayatoki haraka. Mwaka ule wajomba walikubaliana kupokezana gobole la Mzee Fikirini. Bunduki ya kuazima si neno, maadamu mkono ni wa mjomba mwenyewe.

Wote walikubali isipokuwa Nikolao. Yeye alikuwa na boksi lake.

Boksi lile alilipata kwa Mzungu mmoja aliyefundisha hesabu upande wa Lulindi. Mkataba ulipokwisha, Mzungu aligawa vitu vyake, na Nikolao, aliyekwenda kuchukua redio mbovu, akapewa na boksi juu yake. Ndani mlikuwa na roketi ndogo za maboksi, zenye ncha ya plastiki na mabawa matatu, za kurusha angani kwa kujifurahisha. Mlikuwa na injini zake, vibomba vya karatasi ngumu vilivyoshindiliwa baruti, ukubwa wa betri ya tochi. Na mlikuwa na viwashio. Kiwashio ni kiwaya chembamba chenye tone jeusi kwenye ncha. Unakichomeka katika tundu la injini, unakiunganisha kwa nyaya ndefu na betri, unakaa mbali, unabonyeza. Kiwaya kinakuwa chekundu, tone linashika moto, baruti inashika, roketi inakwenda, na huko juu inalia kama bunduki na kufungua mwamvuli wake.

Injini zilikuwa nzima. Viwashio ndivyo vilivyokufa. Joto la miaka mingi lilikuwa limeyageuza matone kuwa vumbi, na alipojaribu kimoja kiliwaka kama sigara ya mgonjwa kisha kikazima. Mtu mwingine angelifunga boksi akaenda kuazima gobole. Nikolao alimtumia dada yake salamu kwamba Sijaona atasalimiwa kwa roketi, kitu ambacho Newala nzima haijawahi kukiona, halafu ndipo akakaa chini kutafuta namna ya kuiwasha.

Sitamnyima haki yake: alifanya kazi. Alichukua waya mwembamba, akatengeneza viwashio vyake mwenyewe kwa unga wa vichwa vya viberiti, na akaanza kuvijaribu nyuma ya nyumba yake, bila roketi, akivitazama tu vinavyoshika. Vya mwanzo vilikuwa aibu tupu. Vitatu vinakataa, kimoja kinakubali, viwili vinakataa. Akagundua betri za tochi ni dhaifu, akaazima betri ya lori kwa jirani. Akagundua vibanio vya nyaya vimeshika kutu, akavisugua kwa msasa mpaka vikang'aa. Akagundua kiwaya kinaning'inia tunduni bila kuigusa baruti, akakikaza kwa kijidonge cha karatasi. Kila alipoondoa kosa moja, viwashio vilivyokubali viliongezeka. Ukoko wa uji wa muhogo alioutumia kushikiza unga ulikuwa unapasuka na kudondoka, na hilo ndilo lilibaki likimnyima usingizi.

Siku moja akaiona chupa ya rangi ya kucha ya mkewe, Dominika, moja ya zile zilizojaa sokoni wakati ule. Akachovya. Rangi ikakauka ngumu, laini, imeshika unga wote. Viwashio vya rangi ya kucha havikukataa hata kimoja.

"Sasa hii ndiyo sayansi," alisema.

Dominika alitoka jikoni, akaitazama chupa yake ilivyobaki nusu, akacheka mpaka akashika mlango. "Yaani wewe, Baba Esther! Mtoto wa wifi yangu anatoka jandoni, anapokewa na kucha zangu?"

Alikuwa anatania tu, lakini Nikolao aliiweka chupa chini. Jando ni la wanaume. Kitu alichojipambia mwanamke hakisogei karibu na likumbi, na wazee wakisikia kwamba mlio wa mtoto umetokana na rangi ya kucha ya mwanamke, nani ataongea naye tena? Fundi wa umeme mzima, mila ikamkamata shati. Alivitupa vile viwashio vizuri vyote kwenye shimo la takataka, na kesho yake akaenda kwenye mkorosho uliokuwa nyuma ya kibanda, akabandua utomvu uliogandia kwenye gome, akaulainisha kwa maji ya moto, akachovyea humo.

Utomvu wa mkorosho ukikauka katika jua la Masasi unakuwa kama kioo. Viwashio vyake vilikubali. Siku ya pili vikakubali, wiki nzima vikakubali, na Nikolao akaanza kutembea kifua mbele. Aliwaambia wateja kwamba Wazungu wanaagiza dawa kiwandani kwa kitu ambacho sisi tunakikanyaga chini ya mikorosho. Alikuwa na haki ya kufurahi. Tatizo la Nikolao ni kwamba furaha yake haikujua kukaa kimya.

Severina alishuka Masasi kununua nguo za mtoto, akapitia kibandani. Kulikuwa na wateja, lakini alikuwa na haraka ya basi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, Mama Sijaona. Umeliona boksi?"

"Nimeliona. Kaka, Mzee Fikirini anasema gobole lake lipo. Nimwombe alishindilie na kwa ajili yetu, endapo?"

"Endapo nini?"

"Endapo tu."

Nikolao aliwatazama wateja, kisha akacheka kwa sauti. "Mwambie Mzee Fikirini akalalie gobole lake. Mimi simsalimii mtoto wangu kwa bomba la kuchokolea panya."

Wateja wakaangua kicheko. Severina hakucheka. Alikunja kanga yake vizuri, akasema taratibu, "Basi njoo mapema. Lala hata siku mbili, uijaribu roketi hukohuko nyumbani."

"Umeme ni umeme," alijibu Nikolao. "Wa Masasi na wa Newala ni uleule."

Neno la bomba la panya lilipanda Newala kabla ya basi la Severina. Mzee Fikirini alilisikia akiwa kwenye kilabu cha pombe, akauliza tu kama ni kweli limesemwa na mtoto wa marehemu Chipande, akaambiwa ni kweli, akaendelea kunywa.

Nikolao alipanda siku moja kabla ya vijana kutoka, jioni, na boksi kwapani na betri ya lori ndani ya kiroba. Severina alimwandalia maji ya kuoga, ndoo nzima, ya moto. Ndoo ile aliitoa katika maji aliyokuwa akiyakusanya tangu mwezi mchanga kwa ajili ya kupika siku ya sherehe, na binti zake walimtazama mama yao kwa mshangao. Nikolao aliyaoga yote. Alitoka bafuni akisema maji ya Newala ni mepesi, hata sabuni inatoa povu.

Kuhusu boksi, ilikuwa wazi. Kitu cha likumbi hakilali ndani ya nyumba ya mwanamke. Nikolao mwenyewe ndiye aliyelisema hilo, kwa sauti, wazee wamsikie kwamba mji haujamharibu. Boksi likawekwa nje, juu ya uchanja wa vyombo, chini ya upenu.

Ilikuwa miezi ya kipupwe. Mtu yeyote wa huku anajua maana yake. Alfajiri ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma, unakaa juu yetu mpaka jua lipate nguvu ya kuufukuza. Chumvi inalowa ndani ya kopo. Kiberiti lazima ukilaze kwapani kabla hakijakubali. Na utomvu wa mikorosho, ambao mchana ulikuwa mgumu wa kukata kidole, asubuhi unauminya unabonyea. Tukiwa watoto tulikuwa tunautafuna wakati huo. Nikolao naye aliutafuna. Alizaliwa ndani ya ukungu ule, akaugua kifua ndani yake, akaamshwa kwenda shule ndani yake. Lakini alikuwa hajalala Newala miaka mingi, na alikuwa amesahau kwao asubuhi kukoje.

Alipoliendea boksi, kifuniko kilikuwa na matone. Akakipangusa kwa kiwiko. Akaitoa roketi, akaisimamisha kwenye ufito wake katikati ya uwanja, akatoa kiwashio. Tone lilimnata kwenye kidole. Alikitazama kidole chake, akakitazama kiwashio, na hapo hapo alijua. Wala tusimtafutie kisingizio. Alijua kama mtu anavyojua kwamba amekanyaga kitu gizani. Lakini watu walikuwa wameshajaa, watoto wamepanda juu ya vichuguu, wanawake wamejipanga na kanga mpya, na Mzee Fikirini amesimama upande wa pili na gobole lake. Nikolao akakifuta kidole kwenye suruali. Akajiambia betri ya lori itakikausha yenyewe.

Ngoma zikabadilika. Vijana wakaanza kutoka, vichwa vimenyolewa, wamepakwa mafuta, nguo mpya, macho chini. Wa kwanza akapita, mjomba wake akapokea gobole, likalia, wanawake wakapiga vigelegele. Wa pili hivyohivyo. Kati ya mlio na mlio kulikuwa na kungoja, maana gobole moja linataka kushindiliwa upya, na mstari ulisogea polepole. Severina alikuwa mbele ya wanawake wenzake. Alikuwa amevaa kitenge ambacho Dominika alimtumia, na alikuwa hamtazami mtoto, alikuwa anaitazama ile roketi.

Zamu ya Sijaona ikafika. Nikolao akainua mkono.

"Tatu!" akapaza sauti, na watoto juu ya vichuguu wakadakia, "Mbili! Moja!"

Akabonyeza.

Kutoka chini ya roketi kilitoka kimoshi chembamba, cheupe, na sauti ndogo kama ya mafuta yanayochuruzika kwenye kikaango. Kisha basi. Nikolao akabonyeza tena. Akabonyeza kwa gumba, akabonyeza kwa viganja vyote viwili. Kiwaya kilikuwa kimeshakatika ndani ya utomvu mbichi, na hata angebonyeza mpaka leo isingewaka.

Mtoto mmoja akasema "Moja!" kwa mara nyingine, kwa matumaini, akapigwa kofi na mama yake.

Sijaona alikuwa bado anatembea. Hawaruhusiwi kusimama. Kila hatua aliyopiga ilikuwa kimya, na sisi tuliokuwa pale tuliona shingo yake inavyokaza, mtoto wa watu, anataka kugeuka na anajua hatakiwi kugeuka. Macho ya watu yakaanza kumhamia Severina. Nikolao alikuwa amepiga magoti, anachomoa kiwashio kingine boksini, nacho kinamnata, anachomoa cha tatu, nacho kinamnata, hata hajui akichomeke wapi.

Gobole likalia.

Mzee Fikirini alikuwa amelishindilia kwa ajili ya kijana aliyefuata. Alilielekeza juu, akafyatua kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaanza kulishindilia upya bila kumtazama mtu. Palipita kitambo kidogo kabla wanawake hawajakumbuka kupiga vigelegele. Sijaona alifika mwisho wa mstari, akageuka, na kama ilivyo desturi akamwendea aliyempigia mlio. Akapiga goti mbele ya Mzee Fikirini, akasema, "Shikamoo njomba."

"Marahaba, mjomba wangu," alijibu Mzee Fikirini.

Nikolao alisikia. Alikuwa hatua chache kutoka pale, ameshika nyaya.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kumwendea dada yake. Sijui alitaka kumwambia nini, labda habari za ukungu na utomvu. Alianza, "Mama Sijaona, unajua hii gundi ..."

Severina hakupaza sauti. "Kaka, afadhali usingekuja kabisa," alisema, akaenda kuangalia sufuria.

Chakula kikaandaliwa. Watu walikula kwa makundi chini ya mabanda ya makuti, na kila kundi lilikuwa na mtu wa kuhesabu "tatu, mbili, moja" kabla ya kutia tonge mdomoni. Debe tupu haliachi kuvuma, mmoja alisema, na mwingine akajibu kwamba hili hata kuvuma limeshindwa. Nikolao alikaa juu ya kiroba cha betri, pembeni, mgongo kwa watu. Kila alipofumba macho aliiona shingo ya mtoto.

Mzee Fikirini alimfuata na sahani ya wali na kuku. Gobole alikuwa ameliegemeza nyuma ya ghala.

"Fundi, kula," alisema. "Hata hili la kwangu hukataa siku nyingine. Bomba la kuchokolea panya, utalifanyaje?"

Aliyasema bila kinyongo, na alikuwa anatabasamu. Angemtukana ingekuwa nafuu. Nikolao aliipokea sahani, akaiweka chini, akainuka. Akachukua boksi na betri, akakata kona kuingia kwenye mikorosho nyuma ya ghala. Severina alimwona kwa mbali anavyokwenda ameinama, akadhani anaenda kujisaidia. Muda ukapita, hakurudi.

Kule mikoroshoni jua lilikuwa limeshafukuza ukungu. Nikolao alikaa kwenye uwazi kati ya miti, akaviweka viwashio viwili vilivyobaki juu ya kifuniko cha boksi, akavitazama. Hakuwa na mpango wowote. Ila ukishakuwa fundi, kitu kikikataa hukiachi mpaka ujue kwa nini, hata kama ndicho kilichokuvua nguo mbele ya watu. Baada ya muda alikigusa kimoja. Kilikuwa kigumu kama kioo.

"Kumbe ni ukungu tu," alisema peke yake, ingawa alilijua hilo tangu asubuhi.

Akasimamisha roketi. Akachomeka kiwashio, akakaza kijidonge cha karatasi, akabana vibanio. Akarudi nyuma mpaka mwisho wa nyaya. Safari hii hakuhesabu. Alibonyeza, na roketi ikaondoka.

Ilikwenda! Ilipasua juu ya mikorosho na mlio wa shuu uliomfanya akwepe, ikaacha uzi wa moshi mweupe ulionyooka, ikawa ndogo, ikawa nukta, halafu huko juu, kimya kimya kwanza, kisha sauti ikafika: paa! Mwamvuli mdogo mwekundu ukafunguka. Nikolao alikuwa ameachama mdomo, na kwa pumzi moja alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Newala.

Pumzi ya pili, ngoma zilinyamaza.

Ndipo alipokumbuka. Mlio wa salamu ni wa asubuhi, kabla ya chakula. Watu wakishakula, bunduki hailii tena kijijini isipokuwa kwa jambo moja: kutangaza kwamba mtu amekufa. Ikilia, kila mtu anaacha alichoshika.

Akasikia miguu. Watu walikuwa wanakuja kutoka mabandani, wengi, wanaparamia majani makavu, na kilio kimeshaanza kwa wanawake wa nyuma, maana huku hatungoji kuambiwa nani. Lakini mbele ya wote, mbele hata ya vijana, alikuwa Severina. Hana kanga kichwani, hana viatu, mikono ameifumbata utosini. Alikuwa amemtafuta kaka yake kwa macho, akaiona sahani chini haijaguswa, na kabla hajajiuliza mara mbili amesikia mlio kutoka nyuma ya ghala ambako gobole lilikuwa limeegemezwa.

Alitokeza kwenye uwazi, akamwona amesimama. Hakupunguza mwendo. Alimvaa kifuani nusura wote wawili waanguke, akaanza kumpapasa, uso, shingo, kifua, tumbo, anatafuta damu.

"Wapi? Umejipiga wapi? Kaka, umejipiga wapi?"

"Sijajipiga. Severina, sijajipiga. Ni roketi." Akaonyesha juu, ambako mwamvuli mwekundu ulikuwa unashuka taratibu. Kisha akasema, "Imekubali."

"Imekubali?"

"Imekubali."

Severina akaketi chini palepale, kwenye majani. Akalia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto. "Nimekwambia afadhali usingekuja," akawa anarudia. "Mimi, kwa mdomo wangu. Nimekwambia afadhali usingekuja." Na Nikolao, aliyekuwa amedhani kwamba aibu yote inayoweza kumpata mtu alishaimaliza asubuhi, aliona kuwa ile ilikuwa ya mchezo.

Mzee Fikirini alifika akihema, akamwona mzima, akamgusa bega kidogo kuhakikisha. Kisha akageuka kuwa mzee wa kijiji. Aliyepiga mlio wa msiba pasipo msiba, alisema, huenda mwenyewe nyumba kwa nyumba kuufuta. Hatumwi mtu.

"Nitakwenda," alisema Nikolao.

Severina alijifuta uso kwa mkono, akainuka. "Twende," alisema.

Wakaenda wote wawili. Kwenye kila uwanja Nikolao alisimama mbali kidogo na mlango, akavua kofia, akasema, "Hakuna msiba. Ni mimi tu." Baadhi ya watu walicheka, baadhi walimsonya, bibi mmoja aliyekuwa ameshavua hereni zake kwa maombolezo alimtukana kwa Kimakonde mpaka akachoka. Severina alisimama pembeni yake kila nyumba. Hakumtetea hata mara moja, lakini hakumwacha pia, na kati ya nyumba na nyumba alikuwa akimshika mkono wa shati kama anayemwongoza kipofu.

Mwisho kabisa wakafika kwenye banda walipokaa vijana waliotoka jandoni. Siku ile hawaruhusiwi kukimbilia jambo lolote, hata msiba, kwa hiyo wao peke yao walikuwa hawajajua nani amekufa. Walikuwa wamekaa kwenye mkeka, vichwa chini. Severina alibaki nje, Nikolao akaingia.

"Hakuna msiba," alisema. "Ni mimi tu."

Vijana wakashusha pumzi. Sijaona alikuwa wa mwisho mkekani. Sauti yake ilikuwa bado ya kitoto, ila alishafundishwa namna ya kuitumia.

"Njomba, ule mlio ulikuwa wa nani?"

"Wako," alisema Nikolao. "Ulikuwa wako. Umechelewa."

Sijaona aliwaza kidogo. Kisha akainuka kutoka mkekani, akaja mpaka mbele yake, akapiga goti kama alivyompigia Mzee Fikirini asubuhi, akainamisha kichwa chake kilichonyolewa.

"Shikamoo njomba."

Nikolao alirudi nyuma hatua moja. Aliona haya kuipokea. Lakini mtoto alikuwa ameshafundishwa likumbi kwamba ukimwamkia mkubwa huinui kichwa mpaka akuitikie, na alikuwa ametulia vilevile, goti kwenye vumbi, anangoja. Nje, Severina alikuwa anasikiliza. Nikolao alikohoa.

"Marahaba," alisema, kwa sauti ndogo sana, na Sijaona akainua kichwa.